Goma: bwawa letu ni ziwa, na ziwa halina ngazi

Wasikilizaji wetu hutuuliza zaidi juu ya barabara, bei ya maharagwe na usalama wa vijiji walivyoviacha. Swali lililofika wiki iliyopita ni la aina nyingine. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Nyabiondo, sasa anakaa kwa shemeji yake mtaani Himbi, alituma sauti kwa simu: "Ndugu mwandishi, hapa mjini kuna pisini ya watu wote, ya bei ndogo, yenye paa na mtu wa kuchunga, ambako naweza kupeleka watoto wajifunze kuogelea? Tangu tufike wanashinda ziwani na mimi roho haitulii."

Nilizunguka siku mbili na motari nikitafuta jibu. Pisini nilizozikuta ziko ndani ya kuta za hoteli na nyumba za wenye uwezo. Mlinzi wa hoteli moja aliniambia bei yao: dola 10 mtu mzima, dola 5 mtoto, na sharti kununua kinywaji ndani. Yule mama ana watoto wanne. Mchana mmoja ungemtoka dola 30 kabla ya soda, naye anaishi kwa kufulia watu nguo. Na hata angezipata, asingemkuta mwalimu. Angekuta maji ya buluu, viti vya plastiki, na watoto wake wakishikilia ukingo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha la kufanya.

Kwa hiyo nilimjibu vile nilivyoona: pisini ya umma yenye paa na bei ya mtu wa kawaida sikuikuta. Tunalo ziwa. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mama yeyote, ndiyo maana naandika haya.

Sisi wa Masisi hatukulelewa na maji ya kina. Kwetu ni milima, baridi, ng'ombe, viazi. Mto wa kijiji chetu ulikuwa wa kuteka, kufua na kuvuka haraka, na mvua ikinyesha juu milimani ulibadilika rangi, ukashuka na magogo. Mtoto alifundishwa kuuogopa na aliyefundisha hakukosea. Mtu akisema "naenda kuoga mtoni" maana yake sabuni na majani ya kusugulia miguu. Hakuna aliyewaza kulala juu ya maji. Ni kweli tuna maziwa yetu madogo ya Mokoto, na watoto wa ukingoni kule wanajua kupiga mbizi, lakini wao ni wachache kati yetu.

Vita imetushusha wote hadi usawa wa ziwa. Kuna waliokaa Bulengo, kuna waliokaa Lac Vert, Mugunga, Rusayo. Kambi zilipoondolewa Februari 2025 baadhi walirudi juu, wengine wakabaki mjini kwa ndugu au kwa kupanga chumba. Hivyo mtoto ambaye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya kisima, leo anacheza kando ya ziwa ambalo katikati yake kina kinafika mita 485. Mzazi wake hawezi kumwingilia majini kumtoa, maana naye hajui. Huo ndio usingizi unaomtoroka mama wa Nyabiondo.

Na ziwa la Kivu halishuki polepole kama watu wanavyofikiri. Upande wa Goma ukingo ni mawe ya volkano, makali, yenye mashimo. Hatua tatu maji yako kwenye goti, hatua ya nne yako kifuani, ya tano huna ardhi. Pisini ina ngazi, ina maandishi ukutani yanayosema kina ni kiasi gani. Ziwa halikuambii. Halafu sehemu kubwa ya ukingo imekwisha kuzungushiwa kuta. Mtu anaweza kuishi Himbi au Kyeshero, karibu kabisa na maji, na akapita mwezi bila kuyaona isipokuwa kwenye kichochoro kimoja ambacho wenye viwanja walikisahau. Vichochoro hivyo ndivyo "pisini ya umma" ya Goma. Hapo wanawake wanafua, motari wanaosha pikipiki, watoto wanateka maji kwa bidoni za manjano, na hapo hapo wanaogelea. Mahali pabaya pa kujifunzia mara nyingi ndipo pekee palipo wazi.

Mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima, mwenye ndevu na kitambulisho cha kazi. Aliyenifundisha ni mzee mvuvi wa sambaza, mmoja wa wale wanaotoka jioni na taa na kurudi alfajiri. Nilimkuta akikausha nyavu nikamwambia nataka kujua kuogelea kwa sababu kazi yangu inanipandisha boti kila mara. Alinitazama miguu. "Wewe ni mtu wa ng'ombe," akasema, "lakini hata ng'ombe anaogelea." Tulipatana franka 2,000 kwa kila Jumamosi.

Nilidhani ataanza na mikono. Hakuanza na mikono. Alinipa bidoni ya lita 20, tupu, kifuniko kimefungwa kwa nguvu, akaniamuru niikumbatie kifuani nikiwa nimesimama maji ya kiunoni, halafu nilale chali. Ndilo somo lote la siku ya kwanza. Nilikataa mara nne. Mwili wa mtu asiyezoea unajikunja kama wa mtoto aliyemwagiwa maji ya baridi: kiuno kinashuka, kichwa kinanyanyuka kutafuta hewa, na kadiri kichwa kinavyonyanyuka ndivyo miguu inavyozama. Mzee alikuwa akinisukuma paji la uso kwa vidole viwili. "Masikio yaingie. Yaache yaingie. Utasikia kelele za ndani, usijali. Tazama mlima." Nyiragongo ulikuwa wazi asubuhi ile, na moshi wake. Nilipoacha kupigana na maji, nikajaza mapafu na kuyashikilia kidogo, miguu ikapanda yenyewe. Nakumbuka nilicheka kwa sauti na nikanywa maji.

Jumamosi ya pili bidoni ikawa ya lita 5. Ya tatu akainyang'anya. Nililala chali nikihesabu pumzi hadi hamsini, nikapumzika, tena hamsini. Ndipo akaanza miguu, nayo ni kupiga kutoka pajani, goti lisikunjwe kama unaendesha baiskeli. Mikono ilikuja wiki ya sita. Aliniambia kwamba wavuvi huwafundisha watoto wao kwa mpangilio huo huo, na kwamba amewaona watu wengi wenye mikono hodari wakizama kwa sababu ya kuchoka, wasijue kwamba mtu anaweza kupumzika ndani ya maji bila kushika kitu. Wakati ule nilidhani ni ushamba wa mvuvi. Baadaye nilikuta kwamba shule za Ulaya zinasema karibu yale yale, nitafika hapo.

Sasa niseme juu ya boti, maana kwa watu wetu kuogelea si mchezo wa Jumapili. Vita vilipokata barabara ya Sake mapema mwaka 2024, mizigo na watu wa Masisi waliokuwa wakipita kwa gari walianza kuzunguka kwa Minova na kuvuka ziwa. Viazi, maharagwe, mkaa, wagonjwa, wanafunzi, wote walipitia majini hadi bandari ya Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi ilitoka Minova ikapinduka ikiwa inakaribia kabisa kufika Kituku. Watu waliokuwa bandarini wakisubiri ndugu zao waliona kwa macho. Video ilisambaa siku ile ile: boti inaegemea upande mmoja, inaendelea kuegemea, halafu haipo. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja watu 278 waliokuwa ndani na 78 waliokufa, hesabu zilizotolewa baadaye zikatofautiana. Baadhi ya walionusurika walifika ukingoni kwa kuogelea.

Asitokee mtu akasema kwamba waliokufa walikufa kwa kutojua kuogelea. Boti ilijazwa kupita kiasi. Na wajibu wa abiria kuvaa jile, yaani koti la kuelea, si habari mpya: Rais Tshisekedi aliutangaza mwaka 2019 baada ya ajali nyingine ya ziwa hili hili iliyoacha watu wengi hawajulikani walipo. Anayepakia watu kama magunia ndiye wa kuulizwa kwanza, na namna hiyo niseme kila mara nikipewa nafasi. Lakini mimi hupanda boti hizo. Najua kwamba jile ziko chache, nyingine zimechanika, nyingine zimefungwa juu ya paa la boti kwa kamba ambayo hakuna atakayeifungua kwa dakika moja. Mtu akiangukia majini mita mia tano kutoka ukingoni, kuelea chali kwa robo saa kunampa mtumbwi muda wa kumfikia. Yule asiyejua hapati dakika mbili. Tofauti hiyo inafundishika, na inafundishika kwa bidoni.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Desemba 2024: watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Watoto wadogo ndio wanaoongoza. Kati ya mambo ambayo shirika hilo linayashauri ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea kwa msingi, kujihadhari na kuokoa bila kujiua. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2021, uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia watu kufa maji. Kwetu siku hiyo hupita bila mtu kuitaja, nadhani kwa sababu vifo vyetu vya maji hujificha nyuma ya vifo vya risasi.

Mtoto wa baba yangu mdogo alikimbia Masisi wakati wa vita vya 2012, akakaa miaka kadhaa kambini Kyangwali, Uganda, kisha akapelekwa Norway na familia yake. Huko ndiko nilikopata kuijua ile pisini ambayo mama wa Nyabiondo anaiota. Ananipigia Jumapili. "Yaya," akaniambia mara ya kwanza, "nimeingia ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba kuna ziwa." Nje theluji, ndani maji ya uvuguvugu, taa, saa kubwa ukutani, na msichana amekaa kwenye kiti kirefu, kazi yake kutazama watu tu. Ni ya halmashauri ya mji. Watoto huletwa na shule bila kulipa, familia zikija zenyewe hulipa kidogo. Kilichomshinda mwanzo si maji. Ni kwamba kabla ya kuingia kila mtu lazima aoge kwa sabuni, uchi, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na yeye alisimama kwenye kona amejifunga taulo huku wazee wa umri wa babu yetu wakizungumza juu ya hali ya hewa bila hata nguo. "Nilitazama dari mpaka shingo ikauma," alisema. Sasa amezoea, ingawa dari bado anaitazama.

Binti yake alikuwa na miaka tisa alipofanya mtihani. Kule kuogelea ni sehemu ya masomo, na mwanafunzi anapomaliza mwaka wa nne anatakiwa aweze jambo hili: kuanguka katika maji ya kina, kuogelea mita 100 kifudifudi na njiani azame kuokota kitu chini kwa mikono, asimame kupumzika dakika tatu akielea, sehemu ya muda huo chali, halafu mita 100 nyingine kwa mgongo, na atoke majini mwenyewe. Niliposikia hizo dakika tatu za kuelea nilimkumbuka mzee wangu na vidole vyake viwili kwenye paji la uso. Mtihani hauangalii nani mwenye mbio. Unaangalia nani ataishi akiangukia majini. Binti alifaulu. Baba yake, aliyeanza ukubwani kama mimi, anafika mita 25 na kushika ukuta. Anasema hana haya, kwani Masisi nzima ilimlea bila pisini.

Sisemi tujenge nyumba ya namna hiyo Goma kesho. Pisini yenye paa inahitaji umeme usiokatika, pampu, klorini kila siku, na mtu wa kupima maji, la sivyo inageuka dimbwi la magonjwa ndani ya mwezi. Mji ambao vitongoji vyake vinapanga foleni ya maji ya kunywa tangu saa kumi ya usiku una mengine ya kufanya kwanza. Ila nimechoka kusikia kwamba kwa sababu hatuna pisini basi hakuna la kufanya.

Bangladesh ni nchi ya mito na madimbwi, na watoto wengi walikuwa wakizama karibu na nyumba zao. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 walianza kufundisha katika madimbwi ya vijiji yale yale yaliyokuwa yakiua. Walipiga majukwaa ya mianzi ndani ya maji, sakafu ya kina kinachojulikana na uzio pande zote, mwalimu ni kijana wa kijiji aliyefunzwa. Watoto kwa mamia ya maelfu wamepitia humo. Karibu zaidi na sisi, Zanzibar, Mradi wa Panje ulioanza mwaka 2011 kaskazini mwa Unguja ulianza kuwafundisha wasichana wa vijiji vya pwani, ambao walizaliwa na bahari mlangoni na bado hawakuwahi kuingia zaidi ya magoti. Walitumia walimu wanawake na nguo za kuogelea zinazofunika mwili wote, na wazazi waliokuwa wagumu wakakubali. Wanawake wa kwetu wengi, Wakristo kwa Waislamu, nao hawatavua nguo kichochoroni mbele ya motari. Anayetaka kuwafundisha aanze hapo.

Mwanzi sisi tunao, nyavu chakavu tunazo, bidoni ndizo alama ya mji. Ghuba ndogo yenye mchanga au changarawe, ikizungushiwa nyavu zilizofungwa kwenye bidoni tupu ili mtoto asivuke mstari wa kifua chake, wavuvi wawili wakiwa ndani na mmoja juu ya mtumbwi, ni kazi ya siku mbili. Gharama kubwa ni kibali cha kukaa mahali bila kufukuzwa. Mashirika yametuletea mipira ya kandanda, mabembea na mahema ya kuchezea watoto, na nashukuru. Nimehudhuria mikutano yao mingi kuliko harusi. Ila sijasikia hata mara moja mtu akitaja kuogelea, nao mkutano unafanyika katika ukumbi wenye dirisha linalotazama ziwa.

Nirudi kwa wazazi, kwani maswali mengi yaliyofuata lile la kwanza ni ya woga, na woga mwingine umepotea njia.

Wengi husema ziwa lina gesi inayovuta watu chini. Gesi ipo, kaboni na methani nyingi, lakini imefungwa kilindini. Upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt huishusha mabomba mamia ya mita kuifuata ili kutengeneza umeme. Katika ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, gesi ya kaboni iko karibu zaidi na juu, na huko sipapendekezi. Lakini mtoto anayezama mita kumi kutoka kichochoro cha Himbi amezama kwa sababu ya kutojua kuelea. Gesi ya kuogopwa na muogeleaji ni ile ya nchi kavu, mazuku. Neno ni letu, na wanasayansi wa dunia wameliazima kama lilivyo. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia ndani ya mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano, hasa magharibi mwa mji kuelekea Lac Vert na Bulengo, na inakuwa mbaya zaidi usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Haionekani. Watoto wakishuka ziwani kupitia mabonde hayo wakaona ndege, panya au mbuzi aliyekufa shimoni, warudi. Wasiiname, wasikae kitako kuvaa viatu, na wasiende alfajiri.

Hofu ya pili ni kipindupindu, na hiyo haijapotea njia. Maji ya vichochoro vinavyofuliwa nguo na kumwagiwa taka si ya kumeza. Mwanzo wa mwaka 2025, mabomba yalipokauka wakati wa mapigano, watu wengi wa Goma walikunywa ziwa kama lilivyo. Vile vituo vya ukingoni, ambako mtu wa afya hutia klorini ndani ya bidoni kwa sindano, viliwekwa kwa sababu hiyo. Mtoto aogelee mbali na mifereji, afunge mdomo, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani.

Upepo pia. Asubuhi ziwa mara nyingi limetulia. Mchana hugeuka, mawimbi yanapiga mawe, na mtoto aliyetoka vizuri saa nne hawezi kutoka saa tisa pale pale alipoingilia.

Na mtu akizama mbele yako usimrukie. Nimeripoti vifo viwili vya namna hii, kaka akimfuata mdogo wake, na wote wawili hawakuwa waogeleaji. Anayezama hupanda chochote kilicho karibu, na wewe ndiwe utakayekuwa karibu. Tupa bidoni tupu iliyofungwa, tupa kamba, nyosha mti, nyosha kitenge ukiwa umelala tumbo juu ya jiwe na mwingine amekushika miguu. Piga kelele waje wavuvi. Bidoni ya lita 20 inamweka mtu mzima juu ya maji, na karibu kila mtu aliyeko ukingoni anayo moja mkononi, tena alikuja nayo kuteka maji.

Kwa mama anayepanda boti na mtoto mgongoni: ukiwa majini, kitenge kilichofungwa vizuri kinamweka mtoto chini ya maji wewe ukiwa umelala chali. Mzee wangu hushauri mtoto ahamishiwe kifuani kabla boti haijaondoka, fundo likiwa la kuvutwa mara moja, na kitenge cha chini kisibane magoti. Wanawake wa Kituku wanaovuka kila wiki nimewaona wakifanya hivyo kimya kimya.

Mama wa Nyabiondo nilimwelekeza kwa huyo mzee. Hana kibanda wala bango. Watoto wake wawili wakubwa wameanza, na yule wa tatu bado anang'ang'ania bidoni na kukataa kulaza kichwa. Yeye mwenyewe anakaa juu ya mawe akiwa na kamba.

Wasomaji wa Walikale watakuwa wanacheka mpaka hapa. Watu wa ukingo wa Lowa na Osso walizaliwa na kafi mkononi, na maji kwao ni barabara. Lakini huko nako mambo yamebadilika. Vijiji vimechanganyika, watu wa milima wamekimbilia msituni, wengine wamefuata machimbo, na wote wanavuka mito ile ile kwa mitumbwi ile ile. Mwaka 2025, vita vilipofika hadi Walikale-kati mwezi wa Machi, familia nyingi zilivuka kuingia msituni usiku, waliozoea maji na wasiozoea pamoja.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ng'ambo ile aliniandikia kwamba darasa lake sasa lina watoto wa aina mbili: wanaoruka kutoka mtumbwini wakicheka, na wanaoshika ubao wa mtumbwi hadi vidole vinageuka vyeupe. Wote wanavuka mara mbili kwa siku. Aliniuliza aanze na nini, akiwa hana kitu isipokuwa kona moja ya mto ambako maji yanazunguka polepole juu ya mchanga. Nilimjibu kwa maneno ya mzee, bidoni, kichwa nyuma, masikio ndani. Akaongeza la kwake: amewapanga wawili wawili, mtoto wa mto na mtoto wa mlima, na yule wa mto ndiye anayeshika paji la uso la mwenzake. Wiki jana alinitumia sauti fupi. Unasikia maji, na watoto wanahesabu kwa pamoja, thelathini na nne, thelathini na tano, halafu mmoja anakohoa na wote wanaanza tena kutoka moja.